Skana ya mwili uwanja wa ndege: mimba, mionzi na stara

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina mimba ya miezi mitano na mwezi ujao nasafiri kwa ndege, safari ndefu ya kubadilisha ndege mara mbili. Nimesikia kwamba siku hizi abiria anaingizwa kwenye mashine ya eksirei inayompiga mwili mzima. Wengine wananiambia mionzi hiyo inamdhuru mtoto tumboni. Wengine wanasema ofisa aliye chumba cha pili anakuona kama ulivyozaliwa. Mimi ni mtu wa kujisitiri, na hilo la pili linaninyima usingizi kuliko hata la kwanza. Mume wangu naye husafiri karibu kila wiki kikazi. Je, naweza kukataa kupita? Na yeye afanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa ujauzito. Nianze na jibu lenyewe: kwenye ukaguzi wa kawaida wa abiria, mashine utakayokutana nayo karibu hakika si ya eksirei, nishati yake haimfikii mtoto, na nyingi kati ya zinazotumika sasa hazimwonyeshi mtu yeyote picha ya mwili wako. Lakini waliokutia hofu hawakuitunga hewani. Mashine za eksirei za kukagua abiria zilikuwapo kweli, na picha zake zilimwacha mtu bila stara. Tena iko aina nyingine ya eksirei ambayo hadi leo inatumika mahali fulani, na mbele ya hiyo mwenye mimba anapaswa kufungua mdomo. Ndiyo maana kabla ya kuuliza kama mashine ni ya hatari, inabidi kwanza ujue ni mashine gani.

Tuanze na zile zisizo na shida. Ile fremu unayopita kwa kutembea, inayolia ukisahau sarafu mfukoni, hutumia uga wa sumaku kutafuta chuma. Haina eksirei kabisa. Mkanda wa mizigo unayo eksirei, lakini imefungiwa ndani ya sanduku lenye kinga, na kiasi kinachovuja nje ni kidogo mno. Wanawake wengi huniuliza kama chakula, dawa au maziwa ya mtoto yaliyopita humo yanabaki na mionzi. Hayabaki. Eksirei ikishapita, imekwisha.

Sasa skana ya mwili yenyewe. Iliyoenea zaidi ni kibanda cha vioo chenye umbo la duara. Unaingia, unakanyaga alama za nyayo zilizochorwa sakafuni, unainua mikono juu ya kichwa, na nguzo mbili zinazunguka pande zako kwa sekunde chache. Zipo pia za kisasa zaidi ambazo ni paneli bapa, unasimama tu mbele yake. Hizi hutumia mawimbi ya redio mafupi sana yanayoitwa mawimbi ya milimita. Kwa vile vibanda vya duara, masafa yake ni kati ya gigahezi 24 na 30. Mawimbi hayo hupenya nguo, yakagonga ngozi na kurudi. Ndani ya mwili hayafiki. Yanaishia kwenye tabaka la juu la ngozi. Na tofauti yake kubwa na eksirei ni kwamba hayana nishati ya kung'oa elektroni kwenye atomi, na kung'olewa huko kwa elektroni ndiko kunakoharibu DNA na kuleta hofu ya saratani. Nguvu inayotolewa na mashine hizi iko chini sana kuliko ya simu ya mkononi unayoweka sikioni. Kwa hiyo kwa upande wa mtoto wako, kibanda cha duara hakina la kumfanya.

Mashine iliyozua ule uvumi ilikuwa nyingine. Ilikuwa na masanduku mawili makubwa kama makabati, abiria akisimama katikati yake. Mwali mwembamba wa eksirei hafifu ulipita juu ya mwili wake mstari kwa mstari, na mashine ikakusanya eksirei zilizogonga mwili na kurudi nyuma. Kwa kuwa nishati yake ilikuwa ndogo, sehemu kubwa iliishia kwenye ngozi na nyama iliyo chini yake, badala ya kupita mwili mzima kama eksirei ya hospitali. Marekani ilizisambaza kwa haraka baada ya Desemba 25, 2009, pale Umar Farouk Abdulmutallab alipojaribu kulipua ndege ya Northwest iliyokuwa ikitoka Amsterdam kwenda Detroit, kwa baruti aliyoishonea kwenye chupi. Milango ya kugundua chuma isingeweza kuiona baruti ile. Serikali ilitaka mashine inayoona kilicho chini ya nguo, na ikaitaka upesi.

Upesi huo ndio uliowashtua wanasayansi. Aprili 2010, wataalamu wanne wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, akiwemo John Sedat, waliiandikia Ikulu ya Marekani barua. Hoja yao ilikuwa ya maana: ukichukua kiasi cha mionzi na kukigawa kwa uzito wa mwili mzima, kinaonekana kidogo, lakini kama kinaishia kwenye ngozi, basi ngozi ndiyo inayobeba mzigo wote, na hiyo ndiyo inayopaswa kupimwa. Walihofia pia mashine kuharibika na mwali kukwama mahali pamoja. Binafsi naona waliuliza swali sahihi, na walistahili kujibiwa kwa vipimo vya watu wasio watengenezaji wala wanunuzi wa mashine.

Vipimo vikaja. Mwaka 2013 Chama cha Wanafizikia wa Tiba cha Marekani kilichapisha matokeo ya kupima mashine zenyewe, zikiwamo zilizokuwa zikifanya kazi uwanjani. Ukaguzi mmoja ulimpa mtu kiasi cha maikrosivati 0.011 hivi (sivati ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini, na maikrosivati ni sehemu moja ya milioni ya sivati), na ngozi ilipimwa peke yake, nayo ikakutwa iko chini mno ya kiwango cha kuogopesha. Mwaka 2015 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani nazo zikapima upya na kufikia uamuzi huohuo kwamba mashine hazikuvuka kiwango. Kiwango chenyewe kilikuwa maikrosivati 0.25 kwa ukaguzi mmoja, na 250 kwa mwaka mzima.

Namba hizi zinapata maana ukiziweka kando ya mionzi unayoipata bila kuombwa ruhusa. Ardhi, hewa, chakula na anga humpa binadamu wa kawaida milisivati 2.4 kwa mwaka, yaani maikrosivati 2,400. Na ukishapanda ndege, kule juu hewa ya kutukinga na mionzi ya angani ni nyembamba: unapokea takribani maikrosivati 3 hadi 6 kwa kila saa, kutegemea kimo na njia. Hebu tufanye kwamba ile mashine ya zamani ilitoa maikrosivati 0.1, ambayo ni mara tisa ya kiasi kilichopimwa. Hata hapo ungepata mionzi hiyohiyo kwa kukaa dakika moja au mbili kwenye kiti chako ndege ikiwa angani.

Kwa mimba, kipimo cha kuogopwa kinajulikana. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi inasema madhara ya mimba kuharibika au mtoto kupata kasoro hayaonekani chini ya milisivati 100 hivi. Hiyo ni mara milioni moja ya ile maikrosivati 0.1 tuliyoikadiria, na mtoto aliye ndani angepata pungufu ya hapo, kwani eksirei zile ziliishia juu juu. Safari yako yenyewe, tuseme saa 20 angani, itakupa maikrosivati 80 hivi. Wahudumu wa ndege wenye mimba wanashauriwa wasizidishe milisivati 1 kwa muda wote uliobaki wa ujauzito, yaani maikrosivati 1,000. Wewe uko mbali na hapo, kwenda na kurudi. Daktari wako ana mambo ya maana zaidi ya kukuuliza kuhusu safari ndefu: kukaa muda mrefu bila kunyoosha miguu, maji ya kunywa, na kama shirika la ndege linataka barua kulingana na umri wa mimba.

Mume wako nimempigia hesabu. Tuseme anaruka mara mbili kwa wiki, saa tatu kila safari, wiki 50 kwa mwaka. Angani peke yake atapata takribani maikrosivati 1,200. Kama kila safari angepita kwenye ile mashine ya zamani, kwa kadirio letu la juu, ingeongeza maikrosivati 10 kwa mwaka mzima. Kama kuna mtu nyumbani kwenu anayepaswa kufikiria mionzi ya safari basi ni yeye, na chanzo chake ni kule juu wala si kwenye foleni ya ukaguzi. Hata hivyo hiyo 1,200 ni nusu tu ya anayopata kwa kuishi duniani, na hakuna sababu ya kumkatisha kazi.

Pamoja na hayo, sikubaliani na wanaosema kwamba kwa kuwa kiasi kilikuwa kidogo basi hakukuwa na la kujadili. Kinga ya mionzi ina kanuni ya kwanza kabisa: usimpe mtu mionzi, hata kidogo, kama hakuna faida inayoihalalisha au kama iko njia nyingine ya kupata faida ileile. David Brenner wa Chuo Kikuu cha Columbia alikuwa akiieleza vizuri: hatari kwa mtu mmoja ni ndogo kupita kiasi, lakini ukiizidisha kwa mamia ya mamilioni ya abiria kila mwaka, huenda wachache wakaumia, nawe hutajua kamwe ni akina nani. Na wakati huo mashine ya mawimbi ya milimita ilikuwa tayari ipo, inafanya kazi ileile bila eksirei. Umoja wa Ulaya ulipotunga sheria zake Novemba 2011 ulilifunga jambo: skana za kukagua abiria ziruhusiwe, ila ziwe zile zisizotumia mionzi ya aina hiyo. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Nije kwenye stara, ambayo ndiyo iliyokunyima usingizi. Hapa walalamikaji walikuwa na haki moja kwa moja, tena malalamiko yao yalibadilisha mambo.

Picha za mashine zile za mwanzo, za eksirei na hata za mawimbi ya milimita, zilionyesha umbo la mwili lilivyo chini ya nguo. Matiti, sehemu za siri, pedi ya hedhi, titi la bandia la mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa saratani, mfuko wa choo wa mgonjwa wa utumbo. Ofisa aliyetazama picha alikaa chumba kingine, asikuone uso, na walioongoza ukaguzi walisema mashine haziwezi kuhifadhi picha. Kisha mwaka 2010 shirika la kutetea faragha la EPIC likapata kwa njia ya sheria hati za manunuzi, zikionyesha kwamba serikali ilikuwa imetaka mashine ziwe na uwezo wa kuhifadhi na kutuma picha wakati wa majaribio. Mwaka huohuo ikajulikana kwamba skana moja katika mahakama ya Orlando, Florida, ambayo haikuwa ya uwanja wa ndege lakini kazi yake ilikuwa ileile, ilikuwa imehifadhi picha zaidi ya 35,000 za watu waliopita mlangoni. Baadhi zilichapishwa. Hazikuwa picha safi, mtu hatambuliki, lakini ahadi kwamba picha haiwezi kubaki ilikuwa imeshavunjika.

Waislamu hawakukaa kimya. Februari 2010 Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini lilitoa fatwa kwamba kuonekana uchi kwa namna hiyo, awe mwanamume au mwanamke, kunapingana na mafundisho ya dini, na likawashauri waumini waombe kupekuliwa kwa mkono na ofisa wa jinsia yao. EPIC nao wakaenda mahakamani. Julai 2011 mahakama ya rufaa ya Washington ilikataa kusema kwamba skana zinavunja katiba, lakini ikasema mamlaka ya usalama wa usafiri ilikosea kuzianzisha bila kuwapa wananchi nafasi ya kutoa maoni. Hatimaye, mwaka 2012, Bunge la Marekani likaamuru kila skana iwe na programu inayotafuta vitu yenyewe bila ofisa kutazama mwili. Mashine za mawimbi ya milimita ziliweza. Mtengenezaji wa zile za eksirei, Rapiscan, hakufanikiwa kwa muda uliowekwa, na kufikia katikati ya 2013 makabati yale yalikuwa yameondolewa viwanjani. Ukiangalia kwa makini, hazikuondolewa kwa sababu ya mionzi. Ziliondolewa kwa sababu ya stara.

Kwenye mashine za leo zenye programu hiyo utaona hivi: ukishatoka kibandani, pembeni kuna skrini ndogo ambayo wewe na ofisa mnaitazama pamoja. Imechorwa kikaragosi cha mtu, kilekile kwa kila abiria, awe mnene au mwembamba, ana mimba au hana. Kama hakuna kitu, skrini inaonyesha rangi ya kijani. Kama programu imeshuku mahali, kibokisi kidogo kinatokea pale pale kwenye kikaragosi: begani, kiunoni, kichwani. Ofisa anapapasa sehemu hiyo tu. Tumbo lako la miezi mitano halichorwi popote.

Lakini usidhani faragha imekwisha kuwa salama. Imehama kutoka kwenye picha hadi kwenye mkono wa ofisa. Programu hukosea, na makosa yake hayaangukii watu wote sawasawa. Nywele zilizosukwa au kufungwa fundo hushukiwa sana, na wanawake weusi wamelalamika kwa miaka kwamba wanapapaswa vichwa kila safari. Kilemba, hijabu, jasho, mkunjo wa nguo nene, pedi, yote huweza kuleta kibokisi. Katika baadhi ya mashine ofisa hubonyeza kitufe cha mwanamume au mwanamke kabla ya kukagua, na mtu ambaye mwili wake haulingani na alichobonyeza ofisa huishia kupekuliwa bila kosa.

Kwa hiyo jiandae hivi. Vaa nguo laini isiyo na mikunjo mingi kiunoni, toa kila kitu mfukoni hata karatasi, na kama ushungi wako unashikiliwa na pini, chagua mtandio usiohitaji pini siku hiyo. Ukiwa na jambo la mwilini ambalo hutaki litajwe mbele ya foleni, mwambie ofisa kwa sauti ya chini kabla hujaingia, si baada ya mashine kushuku. Ikibidi upapaswe, omba ofisa wa kike, omba chumba cha faragha, na omba uingie na mtu wa kukushuhudia. Katika nchi nyingi maombi hayo yamo ndani ya taratibu zao wenyewe, kwa hiyo usione haya kuyatoa. Kama ni ushungi, unaweza kuuliza kama utaruhusiwa kuupapasa mwenyewe kisha viganja vyako vipimwe kwa kitambaa cha kutafuta chembe za baruti. Baadhi ya viwanja hufanya hivyo.

Kuhusu kukataa: katika Umoja wa Ulaya abiria ana haki ya kukataa skana na kukaguliwa kwa njia nyingine. Marekani unaweza kukataa ukapekuliwa kwa mkono, isipokuwa tangu Desemba 2015 mamlaka imejipa uwezo wa kulazimisha skana kwa baadhi ya abiria. Nchi nyingine zina sheria zake, nawe unapita viwanja vitatu, basi tazama tovuti ya kila uwanja kabla ya kuondoka. Ushauri wangu wa dhati, kwa mtu anayethamini stara kama wewe: usikatae kibanda cha mawimbi ya milimita chenye kikaragosi. Ukikataa, unachopata badala yake ni kupapaswa mwili mzima, tumbo, mapaja na kifua. Ukipita, mara nyingi hutaguswa kabisa.

Kama mumeo au jamaa mwingine ana pampu ya insulini au kihisi cha sukari kilichobandikwa mwilini, hilo ni suala tofauti: baadhi ya watengenezaji wanakataza visipitishwe kwenye skana ya mwili wala kwenye mkanda wa mizigo. Asome kijitabu, na aombe akaguliwe kwa mkono.

Imebaki ile aina niliyosema ufungue mdomo. Ni skana ya eksirei inayopita mwili mzima, ya kuona mpaka tumboni. Hutumiwa magerezani, katika baadhi ya machimbo ya almasi, na mahali pengine na maofisa wa forodha wanaotafuta watu waliomeza dawa za kulevya. Hutapelekwa humo kwenye foleni ya kawaida, utapelekwa ukishukiwa. Unasimama juu ya jukwaa dogo linalokusogeza polepole, au mwali unapita juu yako, na picha inaonyesha mifupa na matumbo. Viwango vya Marekani vinaruhusu aina hii hadi maikrosivati 10 kwa ukaguzi mmoja, mara 40 ya kile kiwango cha ukaguzi wa kawaida. Bado ni kidogo, sawa na saa mbili tatu za kuruka, na mara moja haitamdhuru mtoto. Lakini hapa eksirei zinapita tumboni, mtoto akiwa njiani. Viwango vya usalama vya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki vinasema kupiga watu eksirei kwa ajili ya kutafuta magendo kwa kawaida hakuhalaliki, na nchi ikiamua kufanya hivyo kwa sababu maalumu ni lazima iweke masharti na usimamizi.

Kwa hiyo ukiona jukwaa la namna hiyo, kabla hujalikanyaga sema waziwazi: "Nina mimba ya miezi mitano, naomba njia nyingine." Uliza kama mashine inatumia eksirei, ofisa anayeiendesha anapaswa kujua. Beba kadi yako ya kliniki kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la kupakia, ili usibishane kwa maneno. Njia nyingine zipo: kukupekua, kukuhoji, au kukupeleka hospitali ukapimwe kwa ultrasaundi, ambayo haina mionzi. Kama watakupitisha hata hivyo, omba jina la mashine na kiasi cha mionzi kilichotumika, andika tarehe na saa, umpelekee daktari wako ukifika.